Waya Ukazwe Mwisho: Maswali kuhusu Breki za Diski za Baiskeli

Baiskeli zenye breki za diski si za wanamashindano na watalii peke yao tena. Zinashuka kwenye makontena ya mitumba, zinauzwa mpya madukani, na vijana wanazipeleka shuleni, kazini na milimani. Lakini mafundi wetu wengi walijifunza kazi kwenye baiskeli ambazo breki yake ni mpira unaobana rimu, na huko dawa ya breki iliyolegea ilikuwa moja: kaza waya. Dawa hiyo ikihamishiwa kwenye diski huleta madhara. Majibu yafuatayo ni kwa mwenye baiskeli na kwa fundi wake pia.

Breki ya diski inafanyaje kazi?

Katikati ya gurudumu, kwenye habu, imefungwa sahani nyembamba ya chuma cha pua. Hiyo ndiyo diski. Ikiwa mpya, nyingi huwa na unene wa milimita 1.8 hivi, na kipenyo cha kawaida ni milimita 160, 180 au 203. Kwenye foki kuna kalipa, kikasha cha chuma kinachopitiwa na ukingo wa diski, na nyuma kuna nyingine kwenye fremu. Ndani ya kila kalipa mna padi mbili. Ukibana mkono wa breki, padi zinaibana diski, nayo gurudumu linapunguza mwendo.

Faida yake ni kwamba rimu ikijaa tope au ikipinda kidogo, breki haijali. Lakini nafasi kati ya padi na diski haifiki hata milimita moja. Kosa dogo ambalo breki ya mpira ingelivumilia mwaka mzima, kwenye diski linajitokeza siku hiyo hiyo: kelele, gurudumu zito, au breki isiyokamata.

Nitajuaje kama yangu ni ya waya au ya oili?

Fuata njia kutoka usukani hadi kwenye kalipa. Ukiona waya mtupu unaovuta kijimkono cha chuma na kubanwa hapo kwa bolti, ni ya waya. Ukiona mpira mweusi unaoingia moja kwa moja ndani ya kalipa, ni ya oili. Pata jibu hili kabla hujashika spana, kwa sababu kinachorekebishwa kwenye moja hakipo kabisa kwenye nyingine.

Nimekaza waya hadi mwisho na bado haikamati. Kasoro iko wapi?

Kasoro iko huko huko kwenye kukaza. Kalipa nyingi za waya, hasa za bei ya chini na ya kati, zina padi moja tu inayotembea, nayo ni ya nje. Ya ndani, iliyo upande wa njiti, imetulia. Unapobana breki, waya unavuta kijimkono cha kalipa, kijimkono kinaisukuma padi ya nje, na padi hiyo inaisukuma diski ipinde kidogo mpaka iguse padi ya ndani. Ndivyo zilivyoundwa. Ila diski inatakiwa ipinde kidogo mno. Padi ya ndani ikiwa mbali, nguvu ya vidole vyako inaishia kwenye kuipinda diski badala ya kuibana.

Kadiri padi zinavyolika, nafasi inapanuka, na mtu anaifidia kwa kukaza waya. Hapo kijimkono kinaanza kunyanyuka hata kabla hujagusa breki. Safari yake ina kikomo. Kikianzia katikati, kitafika mwisho wa safari kabla padi hazijabana sawasawa. Hatari yenyewe ni kwamba mkono wa breki unakuwa mgumu vidoleni, na mwendeshaji anaamini breki ni kali, kumbe kilichogota ni kijimkono. Huko kwenye diski hakuna kitu. Mtu anaweza kutoka kwa fundi akiwa na imani kamili, na asijue lolote mpaka afike kwenye kona ya kwanza ya mteremko.

Kwa hiyo padi zikilika, cha kusogeza ni padi. Waya ni wa mwisho.

Nianzie wapi, basi?

Anza na gurudumu lenyewe. Simamisha baiskeli kwa matairi yake sakafuni, legeza ekseli, kandamiza baiskeli chini ili ekseli ikae hadi mwisho wa nafasi yake, kisha kaza. Gurudumu likikaa upande, hata kwa unene wa ukucha, kila utakalofanya baadaye litakuwa limepotoka. Tikisa pia diski kwa vidole. Ikicheza, bolti zake zimelegea. Diski nyingi zimefungwa kwa bolti sita zenye kichwa cha nyota, saizi T25.

Sasa legeza bolti inayobana waya, uhakikishe kijimkono cha kalipa kimerudi chini kabisa. Zungusha ndani ile skrubu ya kurekebishia waya, ya kwenye kalipa au ya usukanini, halafu uirudishe nje mzunguko mmoja au miwili, ili baadaye uwe na nafasi ya kurekebisha kwenda pande zote mbili.

Legeza bolti mbili zinazoishikilia kalipa kwenye foki au fremu, kiasi cha kuiwezesha kucheza kidogo. Chungulia ndani kutoka juu, ukiweka karatasi nyeupe chini yake ili mwanga urudi. Ingiza kipande cha karatasi ngumu, kadi ya vocha ya simu inatosha, kati ya padi ya ndani na diski. Kwa mkono, nyanyua kijimkono cha kalipa hadi padi zibane diski na kadi kwa pamoja, na kalipa ijipange yenyewe. Ukiwa umeshikilia hapo hapo, kaza bolti mbili za kalipa kwa zamu: huku kidogo, kule kidogo. Usiikaze moja hadi mwisho kwanza, maana itaizungusha kalipa. Mwenye spana ya kupimia nguvu atafuata kipimo cha mtengenezaji, ambacho kwa kalipa nyingi ni kati ya Nm 6 na 8. Asiyekuwa nayo akaze kwa spana fupi, kwa nguvu ya mkono bila kuning'inia.

Toa kadi, zungusha gurudumu. Padi ya ndani inatakiwa iwe karibu sana na diski bila kuigusa. Ikihitaji kusogezwa, pitisha spana ya pembe sita katikati ya njiti, mara nyingi ya milimita 5, na uzungushe skrubu ya padi hiyo kidogo kidogo. Robo ya mzunguko hapa ni kubwa. Baadhi ya kalipa bora za waya zina vitufe vya kuzungusha kwa vidole pande zote mbili, na kazi inakuwa nyepesi zaidi.

Sasa ndipo zamu ya waya. Uvute kwa vidole mpaka ulegevu uishe, lakini kijimkono kisinyanyuke, kisha kaza bolti yake. Bana breki kwa nguvu mara kumi hivi. Kava la waya litajikalisha na ulegevu utarudi kidogo, nao utaumaliza kwa ile skrubu. Mkono wa breki uanze kukamata ukiwa umefika kama nusu ya safari yake, na kamwe usiguse usukani hata ukibana kwa nguvu zako zote.

Kuhusu waya wenyewe: kwa wakazi wa pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi inaula kutokea ndani ya kava kabla hujauona umeharibika nje. Ukihisi unakwaruza unapobana, badilisha waya na kava pamoja. Na usikubali fundi akuwekee kava la waya wa gia kwenye breki. Kwa macho yanafanana, lakini nyuzi za chuma za kava la gia zimelala kwa urefu, na mbano mkali wa breki unaweza kulipasua. La breki lina chuma kilichozungushwa, na ndilo linalostahimili.

Diski inagusa padi kidogo kila mzunguko. Je, imepinda?

Sikiliza. Kama mkwaruzo ni wa mfululizo, kalipa imekaa vibaya; rudia hatua za juu. Kama unasikika mara moja kwa kila mzunguko, diski imepinda mahali fulani. Tafuta mahali hapo ukitazama kwenye ule mwanga wa karatasi nyeupe, weka alama kwa kalamu, na uinyooshe taratibu kwa vidole vilivyoshika kitambaa safi au kwa spana ya kurekebishia iliyofutwa vizuri. Sogeza kidogo, pima, sogeza tena. Mpindo mkubwa uliotokana na kuangushwa au kubanwa garini haunyooki vizuri, na diski mpya ni nafuu kuliko meno.

Usinyooshe diski yenye joto, na usiiguse kabisa baada ya mteremko. Inaunguza. Wala usiingize kidole kwenye matundu yake gurudumu likizunguka: vidole vimekatika kwa namna hiyo, na watoto ndio wanaopenda kujaribu. Baiskeli ikiwa imepinduliwa uani kwa matengenezo, wakae mbali.

Nimeweka padi mpya na zinakamata kidogo kuliko za zamani. Nimeuziwa feki?

Huenda hapana. Padi mpya na diski mpya hazina nguvu mpaka tabaka jembamba la padi lihamie kwenye uso wa diski. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Endesha kwa kasi ya wastani, kilomita 20 kwa saa hivi, bana breki moja kwa uthabiti hadi ukaribie kusimama, achia, ongeza kasi tena. Fanya hivyo mara 20 kwa kila breki, halafu mara 10 nyingine kwa kasi kubwa zaidi. Usiruhusu gurudumu lisimame ghafla na kuburuzika, kwa sababu tabaka litabaki mahali pamoja na breki itatetemeka. Utaihisi nguvu ikiongezeka kadiri unavyorudia.

Anayeruka hatua hii na kwenda moja kwa moja mlimani anaunguza uso wa padi ukiwa bado mbichi. Unakuwa mgumu na wa kung'aa, haukamati, na mwenye baiskeli anamlaumu muuzaji.

Mbona inapiga kelele za ajabu?

Ikilia ukiwa umepita kwenye maji, itanyamaza ikikauka. Ikilia siku zote na pia haikamati, mara nyingi ni mafuta, na mara nyingi yamewekwa na mwenye baiskeli kwa mkono wake. Dawa ya kupuliza ya kulainishia vyuma ikielekezwa kwenye mnyororo, sehemu yake inapeperuka hadi kwenye diski ya nyuma. Tone moja linatosha. Mnyororo uwekewe mafuta kwa tone, kiungo kimoja kimoja, na diski ifunikwe. Hata vidole vilivyotoka kushika chipsi havifai kugusa uso wa diski.

Diski inasafishika: toa gurudumu, ifute kwa spiriti na kitambaa kisichowahi kushika mafuta, rudia kwa kitambaa kingine. Padi ni shida zaidi. Ikiwa uso wake umeng'aa tu, isugue juu ya msasa uliolazwa mahali tambarare, ukiliepuka vumbi lake usilivute. Lakini padi iliyonyonya mafuta itupwe. Wapo wanaoichoma kwenye jiko la gesi ili mafuta yatoke. Moshi wake ni sumu, gundi iliyoshikilia padi inadhoofika, na baada ya siku chache kelele inarudi. Siipendekezi kwa mtu yeyote.

Breki yangu ni ya oili. Nini nifanye mwenyewe, na nini nimwachie fundi?

Habari njema ni kwamba padi zikilika, breki ya oili inajifidia yenyewe. Hakuna waya wa kukaza. Ikikwaruza, legeza bolti mbili za kalipa, bana mkono wa breki na uushikilie, kaza bolti kwa zamu, achia. Mara nyingi inatosha.

Ukitoa gurudumu, usibane mkono wa breki. Pistoni zitasogea, padi zitakutana, na diski haitaingia tena. Weka kipande cha boksi kati ya padi kabla ya kuisafirisha baiskeli. Ikiwa zimeshakutana, zitenganishe polepole kwa kipande bapa cha plastiki, wala si kwa bisibisi itakayozikwangua.

Mkono ukiwa laini na kuzama hadi usukanini, au breki ikikamata tu baada ya kupampu mara mbili tatu, hewa imeingia. Hapo inatakiwa kutolewa upepo, na hiyo ni kazi ya mwenye vifaa na uzoefu.

Lakini hata ukimpelekea fundi, jambo moja ulijue wewe mwenyewe: oili ni za aina mbili, na hazibadilishani. Kampuni za Shimano, Magura na Tektro hutumia oili ya madini. Hope na breki nyingi za Hayes hutumia DOT, ya jamii ile inayouzwa kwenye maduka ya spea za magari. SRAM kwa miaka mingi wametumia DOT, ingawa baadhi ya breki zao za karibuni ni za oili ya madini, hivyo soma kilichoandikwa kwenye kifuniko. Kwa kuwa DOT inapatikana kila mji, kishawishi cha kuitia popote ni kikubwa. Ikiingia kwenye breki ya oili ya madini, mipira ya ndani inavimba na kuharibika, na breki inaweza kufa ghafla. DOT pia inababua rangi ya fremu na ngozi ya mikono. Oili ya kupikia au ya injini isitumike hata kwa dharura.

Padi na diski zibadilishwe lini?

Shimano wanasema padi itolewe sehemu yake ya kusugua ikibaki milimita 0.5, na diski zao zilizoanza na milimita 1.8 zisishuke chini ya 1.5. Usisubiri kipimo hicho ukijiandaa kwa safari ya milimani. Na soma maandishi ya kwenye diski: nyingine zimeandikwa kuwa ni za padi za rezini tu. Padi za chuma zitaila diski hiyo upesi.

Kwenye mteremko mrefu breki inapungua nguvu. Kwa nini?

Kwa sababu ya joto. Chukua barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo, kilomita zipatazo 33, ambayo inashuka karibu mita 1,000 ikipitia Soni. Mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 100 wanapoteza kilojuli zipatazo 980 kwa mshuko huo, joto linaloweza kuchemsha lita tatu za maji. Upepo unachukua sehemu, na kinachobaki kinaingia kwenye sahani mbili nyembamba za chuma. Mwaka 1976, vijana wa Fairfax, California, waliokuwa wakishindana kuteremka mlima kwa baiskeli nzito za breki ya kwenye habu, walikuwa wakiunguza grisi ya habu hadi ifuke moshi, na kulazimika kuijaza upya kabla ya kushuka tena. Diski inapoa haraka zaidi, ila nayo ina kikomo.

Usiburuze breki moja kwa wepesi tangu juu hadi chini. Bana zote mbili kwa uthabiti kabla ya kona, punguza kasi, kisha achia ili zipoe. Ukisikia harufu ya kuungua au mkono unazama, simama, pumzika, na usizimwagie maji. Diski inaweza kupinda.

Baiskeli yangu ni ya mtumba. Kuna la ziada?

Yapo mawili, na yote yanagusa uhai. Kwanza, mkono upi ni wa breki ya mbele? Zilizotoka Uingereza au Japani kwa kawaida huwa na ya mbele kulia. Zilizotoka Marekani, Ujerumani au Uholanzi, kushoto. Aliyezoea moja akipanda nyingine na kubana kwa hofu anaweza kurushwa juu ya usukani. Jaribu ukiwa umesimama kabla ya kuondoka.

Pili, tazama ekseli ya mbele inayofunguliwa kwa mkono bila spana. Mwaka 2015 kampuni ya Trek iliita zirudishwe baiskeli zipatazo 900,000 Marekani na 98,000 Kanada, za miaka 2000 hadi 2015, kwa sababu mkono wa ekseli hiyo ukilegea na kufunguka kupita kiasi uliweza kunasa kwenye diski na kulisimamisha gurudumu. Mwendeshaji mmoja alipooza. Baadaye mwaka huo huo watengenezaji wengine nao waliita za kwao. Baiskeli za umri huo ndizo zinazofika kwenye mitumba yetu. Fungua mkono wa ekseli hadi mwisho na ujaribu kupitisha penseli kati yake na diski. Isipopita, badilisha ekseli hiyo kabla ya kuendesha.

Nipime nini kabla ya kila safari?

Bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke. Bana ya nyuma na usukume: gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Zungusha magurudumu yote mawili usikilize, na uhakikishe ekseli zimekazwa. Breki isipopita jaribio hili, usishuke nayo mlimani na usimwazime mtu. Itembeze kwa miguu hadi kwa fundi, na ukifika umwombe aanze na gurudumu, kisha kalipa, kisha padi, na waya aukaze mwisho.